Je, wajua kwanini Mmoravian, yaani muumini wa kanisa la Moravian, wa Tukuyu kule Mbeya na mwenzake wa Ujerumani wanaamka na mstari uleule wa Biblia?

Mimi nimelelewa na bibi yangu Tukuyu, na kama unaijua Tukuyu unazijua asubuhi zake, ukungu mpaka mlangoni na mvua inaanza jogoo hata hajamaliza kuwika. Bibi alikuwa na kijitabu chembamba kilichovalishwa gazeti kisichakae, kinakaa dirishani pembeni ya kibatari. Kabla hajawasha moto anakifungua, anaweka kidole kwenye tarehe, anasoma mistari miwili, mmoja wa Agano la Kale na mwingine wa Agano Jipya, halafu ubeti mmoja wa wimbo, basi. Baadaye tukienda kisimani akikutana na mama mwenzake wanaulizana "neno la leo umelionaje?" na yule mama tayari analijua, manake na yeye kasoma hilohilo.

Miaka yote ile nilijua mchungaji wetu ndo anachagua. Kumbe ule mstari ulishapatikana miaka mitatu kabla, kwenye mji mdogo wa Ujerumani unaoitwa Herrnhut, mtu akiingiza mkono kwenye bakuli na kutoa karatasi.

Yaani iko hivi. Herrnhut ulianza mwaka 1722, wakimbizi wa imani kutoka Moravia, eneo ambalo leo liko nchi ya Czech, walipopewa hifadhi kwenye ardhi ya bwana mmoja anaitwa Zinzendorf, na hilo jina la Moravian ndo limetokea huko. Jioni ya tarehe 3 Mei 1728 Zinzendorf aliwapa watu neno moja fupi waondoke nalo kama neno la kesho yake. Wakalipenda. Ikawa kila asubuhi kuna mtu anazunguka nyumba zote za kijiji, zilikuwa 32, anagonga, anawapa neno la siku, anawajulia hali, anaona nani anaumwa nani ana shida. Mimi hapo ndo panaponigusa zaidi, kwamba kabla hakijawa kitabu kilikuwa mtu anayebisha hodi. Kitabu chenyewe kilichapwa kwa ajili ya mwaka 1731 na tangu hapo hakuna mwaka uliorukwa, vita vikuu viwili vimepita na bado kikatoka.

Sasa utaratibu wa kuchagua. Kwenye bakuli kuna vikaratasi zaidi ya 1,800, kila kimoja kina mstari wa Agano la Kale. Kila mwaka wanakaa, wanaomba, halafu wanachota kimoja kimoja mpaka siku zote za mwaka ziishe, mwingine anaandika, mwingine anahakiki. Ule wa Agano Jipya hauchotwi kwa kura, huo mtu anakaa chini na Biblia anatafuta unaoendana na uliochotwa. Na wanachota kwa ajili ya mwaka ambao bado uko mbali, miaka mitatu mbele.

Kwanini mapema hivyo? Kwasababu kijitabu kinatoka kwa lugha zaidi ya 50, na watu wa Kiswahili wanahitaji muda wa kuandaa, kusoma prufu, kuchapa, na kusambaza maboksi mpaka kwenye sharika ambazo mvua ikinyesha gari haliendi. Kijitabu cha tarehe kikichelewa mpaka Machi ni hasara, Januari na Februari yote imeshapita, nani atakinunua? Wanaokaa kwenye uchapaji wa vitabu vya ibada watakwambia hii ndo presha yao kubwa, riwaya inaweza kusubiri lakini tarehe moja Januari haisubiri mtu.

Kuna watu wanauliza, na ni swali la haki kabisa, hii kura si kama ramli? Zamani Wamoravian walipiga kura kwa mambo mengi kweli, hata ndoa, mtu anataka kuoa linapelekwa kwenye kura. Mwaka 1818 sinodi yao, yaani mkutano mkuu wa kanisa, ikawaondolea waumini wa kawaida hiyo ya ndoa, na baadaye matumizi mengine nayo yakaisha. Kilichobaki ni haya maneno ya siku. Na tofauti yake ni kwamba hapa hakuna anayeuliza "je nisafiri, je nifungue duka", mstari unatoka kwa ajili ya wote, na hakuna wa kuukwepa. Mimi naona huo ndo uzuri wake, ukiniachia nichague mwenyewe kila siku nitasoma zaburi za faraja tu, zile za kunionya nitaziruka mwaka mzima.

Afrika hii habari ni ya zamani kuliko wengi tunavyodhani. Mmoravian wa kwanza kufika Afrika Kusini alikuwa Georg Schmidt, mwaka 1737, akakaa na Wakhoikhoi, wenyeji wa huko, kwenye bonde ambalo baadaye likaitwa Genadendal. Akabatiza watu wachache, akagombana na wakubwa wa kanisa la Cape kwasababu ya huo ubatizo, mwaka 1744 akaondoka, na hakuja mwingine mpaka 1792. Karibu miaka 50! Hao wa 1792 walimkuta bibi mmoja mzee sana, Magdalena, wanamwita Lena, mmoja wa waliobatizwa na Schmidt. Akawaletea Agano Jipya alilopewa na Schmidt, kalifunga kwenye ngozi za kondoo miaka yote hiyo. Macho yake yalikuwa yameshachoka, akaitwa mwanamke mdogo kwake, akafungua na kuwasomea wageni. Nikifikiria ile ngozi ya kondoo namuona bibi yangu na gazeti lake. Baadaye palepale Genadendal kikaanzishwa kiwanda cha uchapaji, 1859, na Mandela alipoingia madarakani nyumba yake ya Cape Town akaiita Genadendal.

Kwetu walifika 1891, akina Theodor Meyer, wakajenga Rungwe chini ya mlima, na leo Tanzania ndo nchi yenye Wamoravian wengi kuliko nchi yoyote duniani.

Kitu kimoja wengi hawakijui ni kwamba ile mistari miwili haitafsiriwi upya. Kutoka Herrnhut inakuja orodha ya sura na aya, huku wanafungua Biblia ya Kiswahili, ile ya Union ya 1952 ambayo wazee wetu wengi wameishika kichwani, wanachukua maneno kama yalivyo. Kazi inabaki kwenye kipande cha tatu, wimbo au sala, huo kila lugha inajitafutia wenyewe. Ubeti wa Kijerumani ukiutafsiri kwa nguvu haukai kwenye sauti, kwahiyo unatafutwa kwenye tenzi ambazo watu wanaziimba. Ndo maana bibi akifika kwenye ule ubeti alikuwa hasomi tena, anaimba, na sisi tulio bado ndani ya blanketi tunamwitikia sauti ya pili.