"Unganisha tu waya, taa ni taa": ndo inayounguza gari mnazovuta nyuma ya motahomu

Wakuu, nimechoka kulisema hili kwa mtu mmoja mmoja, acha niliandike mara moja. Mimi ni fundi umeme wa magari huku Arizona, na baridi ikianza kazi yangu kubwa ni wastaafu wanaoikimbia theluji ya Minnesota na Kanada, wanashuka na motahomu (gari-nyumba) kubwa kama basi na nyuma wanavuta gari dogo, matairi yote manne chini, sana sana Jeep Wrangler au Honda CR-V za 2014 kurudi nyuma, ili wakifika Quartzsite, mji wa jangwani huku Arizona, wapaki hilo basi na kuzunguka na dogo. Taa za nyuma za dogo lazima zifuate motahomu, paki, breki na indiketa. Na humu najua kuna vijana wetu walioingia kwenye hii kazi, wengine wametoka kwenye gereji za Gerezani, Dar, au Grogan, Nairobi, na mikono mizuri kabisa, ila wananipigia simu na wazo lile lile la mteja, kwamba unganisha tu waya za motahomu na za gari, taa ni taa.

Eti unasokota waya ya kijani ya motahomu na ya kulia ya gari, njano na ya kushoto, kahawia na paki, umemaliza

Hapana. Hii ndo inaniuma kuliko zote, kwa sababu siku ya kwanza inafanya kazi. Mtu anachubua waya za taa za nyuma za gari, anaunga za motahomu palepale, anapiga tepu, taa zinawaka, anaondoka anafurahi. Kesho yake yuko kwangu, akiweka indiketa ya kulia dogo linapepesa kulia na kushoto na ile taa ya breki ya juu ya kioo, anayemfuata nyuma hajui kama ni hazadi (indiketa zote za dharura) au jamaa anakanyaga kanyaga breki.

Sasa umeme umepita wapi hapo? Gari nyingi za Japani, zile tulizozizoea nyumbani, indiketa ni ya chungwa na ina balbu yake, breki nyekundu nayo ina yake. Marekani sheria inaruhusu indiketa ya nyuma iwe nyekundu, kwa hiyo motahomu nyingi balbu moja ina kazi mbili, ukikanyaga breki inawaka mfululizo, ukikata kona hiyo hiyo inapepesa, na plagi yake ya nyuma inakuletea waya ya kulia moja, ya kushoto moja, ya paki na ethi, yani njia ya umeme kurudi. Ukiingiza hiyo ya kulia kwenye breki ya kulia ya gari, umeme unapanda na waya mpaka pale breki ya kulia, ya kushoto na ya katikati zinapokutana kabla ya swichi ya pedali, halafu unashuka kote. Hapo hapo kompyuta ya gari nayo inasoma kwamba breki imekanyagwa, imeachiwa, imekanyagwa, imeachiwa, kilomita mia nne.

Paki ni hivyo hivyo, unawasha taa za motahomu usiku na umeme unarudi mpaka taa za paki za mbele za dogo, za namba, za dashibodi, zote zinanyonya fyuzi moja ya motahomu, ikikatika una gari giza tupu nyuma yako na wewe ukiwa mbele hujui.

Na kwenye gari za miaka hii ni mbaya zaidi maana taa haziendeshwi na swichi wala rilei (swichi inayovutwa na umeme), zinaendeshwa na kompyuta ya bodi. Ukiisukumia umeme kwa mlango wa kutokea inaamka, haitaki kulala, inamaliza betri, na siku nyingine inaungua. Niliwahi kupokea Jeep ya mama mmoja mjane iliyoungwa hivyo na fundi wa njiani, kompyuta imekufa, na kuibadilisha kulimgharimu kuliko kazi nzima ya taa ingefanywa vizuri toka mwanzo. Yule mama hakukosea kitu, alimwamini fundi.

Dawa ni daiodi, na hapa ndo hata mafundi wanateleza. Daiodi ni mlango wa upande mmoja, umeme unaingia haurudi. Wengi wanaweka moja kwenye waya inayotoka motahomu tu wanasema tayari, sasa hiyo inaizuia gari isirudishe umeme kwenye motahomu, ila umeme wa motahomu bado unapanda kwenye gari kama kawaida. Kila taa inataka daiodi mbili zinazokutana upande wa balbu, moja kwa waya ya motahomu na moja kwa waya ya gari yenyewe, yani waya ya gari UNAIKATA, huichubui ukaunga pembeni. Na unaikata karibu na taa, baada ya pale waya za kulia na kushoto zilipoachana, ukikata kabla ya hapo umepoteza muda. Taa ya breki ya katikati haitawaka kwa breki ya motahomu ukifunga hivi, na hilo sio kosa, liache.

Jambo lingine, daiodi inapata joto. Balbu ya 1157, ile ya nyuzi mbili, moja ya paki na moja ya breki, upande wa breki inavuta kama ampia 2, daiodi ya kawaida inakula kama volti 0.7, hiyo ni wati moja na nusu ya joto kila ukikanyaga. Ifunge kwenye bati, usiizungushie tepu ukaificha chini ya kapeti. Mwanga unapungua kidogo, ila si rahisi jicho kuona.

Ila mimi ukiniuliza, gari yoyote ambayo kompyuta inakagua balbu, au yenye taa za LED zilizozibwa, sikati waya kabisa. Natoboa nyumba ya taa kwa nyuma, naingiza soketi na balbu ya pembeni inayotegemea motahomu peke yake, umeme wa gari na wa motahomu haukutani popote. Nyumba ya taa ikiwa haina nafasi ya balbu, weka zile taa za sumaku unazobandika bodini ukisafiri na kuzitoa ukifika. Watu wanasema ni mbaya kwa macho. Mimi napenda mteja afike.

Halafu hizo rangi nilizotaja juu msiziamini. Plagi ya pini 4 kweli nyeupe ni ethi, kahawia paki, njano kushoto, kijani kulia. Ukienda kwenye soketi ya pini 7 ya motahomu utakuta nyingine zimefungwa kwa mpangilio wa kizamani wa RV (magari-nyumba), kijani ndo paki, nyekundu kushoto, kahawia kulia, na njano ni rivasi! Aliyeunga rangi kwa rangi hapo kaweka indiketa ya kulia kwenye paki. Chukua testa, mtu akae kwenye usukani wa motahomu awashe moja moja, wewe uandike pini kwa pini. Dakika kumi.

Eti ethi itapita kwenye chuma cha kuvutia gari

Kile chuma kina maungio, kina grisi na kutu, na kila kona kinacheza. Ethi ikikosekana umeme unatafuta njia ya kurudi kupitia balbu nyingine, ndo unaona ukikanyaga breki paki inafifia au indiketa inapepesa upande usio wake. Nyeupe ivutwe mpaka kwenye gari, bati likwanguliwe mpaka ling'ae, boliti ikazwe, grisi juu. Zaidi ya nusu ya "taa zimechanganyikiwa" zinazokuja kwangu zinaisha hapo, wala sifungui kitu kingine.

Eti washa hazadi ya dogo, inatosha

Hazadi ikipepesa hakuna anayejua unakata kona gani, na majimbo mengine hayaruhusu kutembea nayo. Betri nayo, balbu nne za wati 25 hivi zikiwaka nusu ya muda ni kama ampia 4, masaa kumi umekula ampia-saa 40, na betri ya gari dogo mara nyingi ni ampia-saa 50 tu.

Eti taa za breki zikiwaka, habari ya breki imeisha

Taa haisimamishi gari. Majimbo mengi yana kikomo cha uzito, mara nyingi pauni 3,000 ambazo ni kama kilo 1,360, ukizidi hapo dogo lazima liwe na breki yake. Na hapa habari inarudi kwenye taa, kwa sababu vifaa vingi vya breki vinaikanyaga pedali ya dogo lenyewe, kwa hiyo swichi yake inawasha taa zake za breki mfululizo, zinapita kwenye daiodi vizuri kabisa na kuifunika indiketa ya motahomu. Unapunguza mwendo ukate kona, umeweka indiketa, nyuma wanaona breki tu. Tafuta rilei inayokata waya ya swichi ya breki ya dogo pale plagi ya motahomu inapochomekwa, inarudisha ukichomoa. Kwa hiyo nikimaliza kazi sijaribu taa moja moja, nasubiri giza, nawasha paki, nakanyaga breki na kuweka indiketa ya upande mmoja, vyote kwa pamoja, na kifaa cha breki kikiwa kimeikandamiza pedali ya dogo, mteja nimemsimamisha nyuma mita ishirini aniambie ni upande gani unapepesa. Akisita kujibu, gari linarudi ndani.