Uendelevu hauanzi na karatasi ya kaki: dhana za watarajali wa studio ya usanifu

Msimu wa maombi ya mafunzo kwa vitendo ukifika, meza yangu hujaa potifolio zinazofanana. Vijana wana kipaji, wanachora vizuri, na mapenzi yao kwa mazingira ni ya kweli. Hilo sina shaka nalo. Lakini nikifika kwenye ukurasa wa kazi inayoitwa endelevu, nakuta boksi la kaki, jani la kijani pembeni na maneno "rafiki wa mazingira" chini yake. Namuuliza mwombaji: uendelevu wa kazi hii uko wapi? Ananijibu: "Nimetumia karatasi iliyorejelezwa." Jibu hilo limenifikia kutoka kwa watu wengi mno, na studio ndogo ya kubuni vifungashio na machapisho haina muda wa kuanza na kila mtarajali kutoka sifuri. Kwa hiyo naziandika hapa dhana potofu ninazokutana nazo, moja baada ya nyingine.

Dhana: "Malighafi ikiwa nzuri, kazi imekuwa endelevu"

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu inamfanya mbunifu aache kufikiri pale hasa kazi inapoanza. Malighafi ni swali linalokuja baadaye. Kabla yake kuna mengine: kitu hiki kinahitajika kweli? Vinahitajika vingapi? Kitatumika kwa muda gani, na mara ngapi? Kikishachakaa kitakwenda wapi, na huko kuna mtu au mtambo wa kukipokea? Ukiruka maswali hayo ukaenda moja kwa moja kwenye katalogi ya karatasi, unachofanya ni kupamba.

Chukua mfuko wa pamba, kipenzi cha kila kongamano. Mwaka 2018 Wakala wa Mazingira wa Denmark ulichapisha tathmini ya mzunguko wa maisha ya mifuko ya kubebea bidhaa, yaani athari zake tangu malighafi hadi inapotupwa. Kipimo cha kulinganishia kilikuwa mfuko mwepesi wa plastiki wa dukani, ambao baadaye hutumika kuwekea taka. Kwa athari za tabianchi peke yake, mfuko wa pamba ya kawaida unapaswa kutumika mara 52 ndipo ulingane nao. Ukiweka viashiria vyote vilivyopimwa, idadi inapanda hadi mara 7,100. Kwa pamba ya kilimo hai, mara 20,000.

Watarajali wakisikia takwimu hizi hukimbilia upande wa pili: kumbe plastiki ni bora! Sivyo. Namba hizo kubwa zinatokana na kiashiria kimoja, uharibifu wa tabaka la ozoni, na tathmini hiyo haikuhesabu madhara ya mifuko inayotupwa ovyo ikaishia mitoni na baharini. Anayebeba namba bila kusoma mipaka ya utafiti anafanya kosa lilelile la anayebeba karatasi ya kaki bila kuuliza chochote. Funzo kwa mbunifu liko kwenye idadi ya matumizi. Mfuko wa pamba unaotumika kila siku kwa miaka ni kitu kizuri. Mfuko wa pamba wenye tarehe ya kongamano kifuani na nembo za wadhamini kumi na wawili mgongoni hakuna atakayeubeba sokoni wiki inayofuata. Kwa hiyo kazi yetu ni ile isiyoonekana kwenye picha: mikanda mirefu ya kutosha kupita begani hata ukiwa umevaa koti, mshono wa msalaba pale mkanda unapokutana na kitambaa, kitako kipana ili mzigo usiuvute upande mmoja, na mchoro ambao mtu angependa kuubeba hata kama hajawahi kulisikia shirika lililoutoa. Tarehe tunaitoa. Kila mara mteja anabisha, na kila mara tunaitoa.

Au chukua vikombe vya plastiki ya PLA, ile inayotengenezwa kwa wanga wa mimea. Mtarajali ananiletea sampuli kwa furaha: "Hiki kinaoza." Kinaoza wapi? Kiwango cha Ulaya cha EN 13432 kinazungumzia mtambo wa mboji wa viwandani: baada ya wiki 12, kisibaki zaidi ya asilimia 10 ya uzito wa kitu juu ya chekeche la milimita 2, na kipimo cha kuoza hufanyika kwenye joto la karibu nyuzi 58 za Selsiasi. Shimo la nyuma ya nyumba halikai kwenye joto hilo wiki baada ya wiki. Bahari ndiyo kabisa. Na kikombe hicho kikiingia kwenye marobota ya chupa za PET, plastiki ya chupa za maji na soda, zinazokwenda kurejelezwa, kinaharibu mzigo wa watu waliokuwa wanafanya kazi yao vizuri. Kama mahali kitakapotumika hakuna mtambo wa mboji, basi neno "kinaoza" kwenye kikombe hicho ni ahadi isiyotimizwa, na aliyeliandika ni mbunifu. Hapo ndipo ninapotaka mtarajali asimame aulize kama kikombe cha kuosha na kutumia tena hakiwezekani.

Sasa upande unaodharauliwa kuliko yote: hesabu ya karatasi. Tuseme mteja anataka kadi 6,000 za mraba wa milimita 210. Ukiongeza milimita 3 za kukatia kila upande, kila kadi inahitaji 216. Kwenye karatasi kubwa yenye eneo la kuchapia la 700 kwa 1,000, zinaingia tatu upande mmoja na nne upande wa pili: kadi 12. Karatasi 500 zinahitajika. Punguza kadi iwe mraba wa milimita 190. Pamoja na za kukatia inakuwa 196, na sasa zinaingia tatu kwa tano: kadi 15. Karatasi 400 zinatosha. Umeokoa karatasi 100 kubwa, pamoja na wino wake, muda wa mashine na uzito wa usafiri, kwa uamuzi wa milimita 20 ambao msomaji wa kadi hataugundua. Hakuna karatasi ya kaki iliyotumika hapo. Kuna rula, kikokotoo, na simu moja kwa mchapaji kabla ya kufungua programu ya kuchorea. Nasisitiza *kabla*, kwa sababu mteja akishaipenda kadi ya 210 kwenye skrini, kumrudisha nyuma ni vita.

Na usinionyeshe boksi la karatasi iliyorejelezwa lililopigwa laminesheni ya plastiki ili "lipendeze mkononi." Utando ule unaushika ufumwele wa karatasi na kuifanya kazi ya kiwanda cha kurejeleza kuwa ngumu zaidi. Kama wino unahitaji kulindwa, kuna vanishi ya maji. Kama hauhitaji, acha boksi lilivyo.

Ushauri wangu kwa kila mtarajali anayeingia mlangoni ni huu: nunua mzani wa jikoni. Pima boksi tupu, pima bidhaa iliyomo, andika zote mbili. Fungua kifungashio cha kawaida cha vipodozi nyumbani, tenganisha kifuniko, pampu, lebo, boksi la nje na kile kikaratasi cha maelezo, kila kimoja ukipime peke yake. Utajifunza zaidi ndani ya saa moja kuliko kwenye semina yoyote kuhusu "mtindo wa kijani."

Dhana: "Ile alama ya pembetatu inaonyesha kitu kitarejelezwa"

Pembetatu yenye namba ndani, iliyoanzishwa na wenye viwanda vya plastiki wa Marekani mwaka 1988, inataja aina ya plastiki. Basi. Namba 1 ni PET, 2 ni HDPE, 5 ni PP. Haisemi kwamba kuna mtu atakayekirejeleza. Utafiti wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2017 ulikadiria kwamba kati ya taka zote za plastiki zilizozalishwa hadi 2015, ni karibu asilimia 9 tu zilizokuwa zimerejelezwa. Usiipambe alama hiyo, usiikuze, usiipake kijani.

Kwenye karatasi, alama ya FSC, mfumo wa kimataifa wa kuidhinisha misitu inayosimamiwa vizuri, nayo ina aina tatu: asilimia 100, mchanganyiko, na iliyorejelezwa. Ya mchanganyiko haimaanishi kwamba karatasi yote imetoka kwenye msitu ulioidhinishwa. Na huwezi kuinakili alama hiyo kutoka kwenye intaneti ukaibandika kwenye kazi. Anayeiweka ni mchapaji mwenye cheti, ikiwa na namba ya leseni inayoanza na FSC-C, na namba hiyo inathibitishwa kwenye kanzidata ya FSC iliyo wazi kwa kila mtu. Kuithibitisha ni kazi ya dakika mbili. Mara nyingi ndiyo kazi ya mtarajali.

Dhana: "Kazi yetu ni kuifanya bidhaa ionekane ya kijani"

Wengine husema hivi kwa nia njema kabisa, hawaoni tatizo. Tume ya Ulaya ilipochunguza madai ya kimazingira kwenye bidhaa sokoni, katika utafiti wa mwaka 2020, zaidi ya nusu yake, asilimia 53, yalikuwa ya jumla mno, ya kupotosha au yasiyo na msingi. Madai hayo yalichorwa na watu kama sisi. Maagizo ya Umoja wa Ulaya namba 2024/825, yanayoanza kutumika tarehe 27 Septemba 2026, yanapiga marufuku madai ya jumla kama "rafiki wa mazingira" yasiyo na uthibitisho. Hata pale ambapo sheria kama hiyo haipo, kanuni yetu ni hiyohiyo: sema kitu kinachopimika, au nyamaza. "Boksi hili ni jepesi kwa gramu 14 kuliko la mwaka jana" ni sentensi nzuri. "Tunaipenda dunia" haimwambii mnunuzi chochote.

Dhana: "Kazi ya dijitali haina uchafu"

Seva, mitandao na simu vinakula umeme, na simu ilichimbwa ardhini kabla haijafika mkononi mwako. Watarajali wengi hukimbilia skrini nyeusi kama suluhisho. Inasaidia kwenye skrini za OLED, kwa kuwa pikseli nyeusi huzimika. Kwenye skrini za LCD taa ya nyuma inawaka vilevile. Kuna faida kubwa zaidi ukiiondoa video inayojicheza yenyewe ukurasa ukifunguka, ukipunguza ukubwa wa picha kabla ya kuzipandisha, na ukiacha kupakia fonti moja katika unene sita wa herufi wakati unatumia miwili. Zaidi ya hapo ni kurasa ambazo hazikuhitajika tangu mwanzo. Zifute.

Dhana: "Studio ndogo, kwa hiyo nitaongoza mradi" (na pacha wake: "nitatumwa chai tu")

Zote mbili si kweli kwenye studio inayojiheshimu. Utakuwa karibu sana na maamuzi, kwa sababu chumba ni kimoja na unasikia kila simu ya mteja. Hutaachiwa mteja peke yako. Utakunja mifano ya maboksi kwa kadi nyeupe, utakata vibaya na kukata tena, utaandaa mafaili ya uchapaji, utajaza jedwali la uzito, utawaandikia wasambazaji kuomba vyeti na utawakumbusha wasipojibu. Wengi huiona kazi hiyo ya barua na majedwali kuwa ndogo. Naikataa dharau hiyo. Mteja akiuliza, "Mna uhakika?", jibu linatoka kwenye jedwali ulilolijaza wewe.

Huhitaji kuwa mtaalamu wa malighafi ili uombe nafasi, wala potifolio ya kijani tupu. Nipe mradi mmoja, hata wa darasani, wenye hesabu: uzito wa zamani na uzito mpya, vipande vingapi kwa karatasi moja, kitu kinakwenda wapi baada ya matumizi, na nini hukuweza kukitatua.

Dhana: "Kazi ni ya kuokoa dunia, kwa hiyo mtarajali hahitaji malipo"

Hii naisikia kwa vijana wenyewe, wakiisema kwa unyenyekevu unaoniumiza, na naisikia kwa wenye studio, ambako hainiumizi ila inanikasirisha. Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland ilieleza mwaka 1987 kwamba maendeleo endelevu ni yale yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuathiri uwezo wa vizazi vijavyo kukidhi mahitaji yao. Kizazi cha sasa kimetajwa kwanza. Studio inayohesabu gramu za boksi lakini haihesabu nauli ya kijana anayelipima, hesabu yake ina pengo. Na kuna madhara mengine: nafasi isiyolipwa inachukuliwa na mwenye wazazi wa kumlipia kodi, kisha tunashangaa kwa nini meza zetu zimejaa watu wa aina moja wanaobuni kwa ajili ya watu wa aina moja.

Kwa hiyo ukiitwa kwenye usaili, uliza bila aibu. Nani atanisimamia, na kwa saa ngapi kwa wiki? Nitalipwa kiasi gani, na lini? Kazi nitakayoifanya nitaruhusiwa kuiweka kwenye potifolio, na jina langu litatajwa? Ipi kati ya miradi yenu mlimkatalia mteja kitu, na alijibu nini? Kwa malipo, taka jibu la maandishi kabla ya siku ya kuanza. Ukijibiwa kwa hotuba kuhusu moyo wa kujitolea, peleka maombi yako kwingine.