Chongqing: dhana potofu na ukweli kuhusu jiji la mito miwili

Mkanganyiko mwingi kuhusu Chongqing, jiji la kusini-magharibi mwa China lililo kwenye makutano ya mto Yangtze na mto Jialing, huanzia kwenye neno fupi la Kichina, shi. Herufi hiyo ina maana ya soko, lakini katika utawala wa leo huandikwa nyuma ya jina la eneo ambalo serikali imelipa hadhi maalumu. Sisi huitafsiri kuwa "jiji", na tukishalisema neno hilo akilini mwetu huja maghorofa, masoko na foleni za magari. Ofisa wa Kichina anayesoma neno hilohilo kwenye hati ya serikali huona kitu kingine, yaani mpaka na ngazi ya madaraka. Kuna shi yenye hadhi sawa na mkoa, kuna shi iliyo chini ya mkoa, na kuna shi iliyo sawa na wilaya, kiasi kwamba shi moja huweza kuwa ndani ya tumbo la nyingine. Hadi mwaka 2006 Chongqing yenyewe ilikuwa na nne za namna hiyo, Jiangjin, Hechuan, Yongchuan na Nanchuan, kabla hazijageuzwa kuwa wilaya za kawaida. Asiyeshika jambo hili atapotea katika karibu kila habari inayohusu jiji hilo.

Dhana: Chongqing ndilo jiji kubwa kuliko yote duniani, lenye wakazi milioni 32.

Idadi yenyewe ni ya kweli. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu 32,054,159 ndani ya mipaka ya Chongqing. Kosa liko kwenye kile kinachodhaniwa kuwa kimehesabiwa. Mipaka hiyo inazunguka eneo la kilomita za mraba zipatazo 82,400, ambalo lingeweza kuimeza Rwanda na Burundi kwa pamoja na bado likabaki na nafasi ya Rwanda ya pili. Humo ndani mna wilaya 26, kaunti 8 na kaunti 4 zenye mamlaka ya ndani kwa ajili ya jamii za Watujia na Wamiao, na sehemu kubwa ya ardhi yake ni milima, mashamba ya mpunga ya ngazi, michungwa na vijiji ambavyo mkazi wake husafiri saa kadhaa kabla ya kuliona jengo refu la mjini. Shanghai ilihesabiwa kuwa na watu wapatao milioni 24.9 katika kilomita za mraba 6,340 hivi; maana yake ni kwamba kila kilomita ya mraba ya Shanghai ina watu takriban mara kumi ya wale wa Chongqing. Kama Chongqing ni jiji kwa maana tunayoizoea, basi ni jiji ambalo ng'ombe na nyati wa kulimia wamo ndani yake.

Jiji ambalo mgeni huliona kwenye picha ni wilaya tisa za katikati, zenye watu zaidi kidogo ya milioni 10, na hata hizo zina mashamba pembezoni. Huo bado ni mji mkubwa mno, na hakuna haja ya kuukuza. Miji mingine iliyomo ndani ya mpaka, kama Wanzhou na Fuling, ni miji inayojitegemea yenye bandari, historia na majivuno yake, na mtu wa Wanzhou hajioni kuwa anaishi kwenye kitongoji cha mji ulio mamia ya kilomita juu ya mto. Jambo moja ambalo wapenzi wa takwimu hulisahau ni kwamba watu walioandikishwa rasmi Chongqing ni wengi kuliko wanaokaa huko, kwa sababu mamilioni wamekwenda kutafuta kazi katika miji ya pwani. Eneo linalosifiwa kwa kujaa watu kuliko mahali pengine popote, kwa kweli, limekuwa likiwatoa.

Dhana: Chongqing ni mji wa mkoa wa Sichuan, na wengine husema ndio makao makuu yake.

Makao makuu ya Sichuan ni Chengdu. Chongqing kwa sasa haiko Sichuan kabisa. Ni mojawapo ya majiji manne yanayoongozwa moja kwa moja na serikali kuu, pamoja na Beijing, Shanghai na Tianjin, na ni la pekee kati ya hayo lililo ndani kabisa ya bara. Hata hivyo aliyekosea hapa anastahili kuhurumiwa, kwa kuwa ramani aliyosomea huenda ilikuwa sahihi siku ilipochapishwa. Chongqing imeingia na kutoka Sichuan mara kadhaa, lahaja inayosemwa huko ni ya Kisichuan, na pilipili zinazounguza ulimi ni zilezile.

Dhana: hadhi ya kuwa chini ya serikali kuu ilizaliwa mwaka 1997.

Hapa inafaa kwenda polepole, kwa sababu tarehe ya 1997 hurudiwa kila mahali kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu. Chongqing ilipewa hadhi ya shi mwaka 1929, ikiwa chini ya Sichuan. Mwishoni mwa mwaka 1937, majeshi ya Japani yalipoikaribia Nanjing, mji mkuu wa wakati huo, serikali ya China iliyoongozwa na Chiang Kai-shek ilitangaza kuhamia Chongqing, ingawa ofisi nyingi zilisimama kwanza Wuhan hadi mji huo nao ulipoanguka mwezi Oktoba 1938. Mwezi Mei 1939 Chongqing iliondolewa Sichuan na kuwekwa moja kwa moja chini ya serikali kuu, na Septemba 1940 ikatangazwa rasmi kuwa mji mkuu wa ziada. Wanaosema kwamba Nanjing ilivuliwa cheo chake wanakosea, kwani kwa maneno ya serikali hiyo Chongqing ilikuwa msaidizi tu. Ukungu wa majira ya baridi uliwaficha wakazi wasionwe na ndege za kivita, na ulipoondoka mabomu yalianza kuanguka. Usiku wa tarehe 5 Juni 1941 mamia ya watu, au zaidi, walikufa kwa kukosa hewa na kukanyagana katika handaki walimokimbilia. Serikali ilirejea Nanjing mwezi Mei 1946.

Jeshi la Kikomunisti liliingia mjini mwisho wa Novemba 1949. Chongqing ikawa makao ya utawala wa kanda nzima ya kusini-magharibi, ambako Deng Xiaoping, aliyekuja baadaye kuiongoza China, alikuwa miongoni mwa viongozi wakuu, na reli ya kwenda Chengdu ikakamilika mwaka 1952. Kanda zilipovunjwa mwaka 1954, jiji likarudishwa chini ya Sichuan, na hapo likakaa kwa zaidi ya miaka arobaini. Mwaka 1983 lilipanuliwa kwa kuunganishwa na eneo la Yongchuan na kupewa uhuru mkubwa zaidi wa kupanga uchumi wake. Kwa hiyo kilichotokea mwaka 1997 kilikuwa marejeo ya hadhi ya zamani, lakini katika mwili mpya.

Mwili huo ndio unaohitaji kuelezwa. Sichuan ya wakati huo ilikuwa na watu zaidi ya milioni 110, na ilikuwa vigumu kuiongoza kutoka Chengdu hadi kwenye magenge ya mashariki, yaani mabonde membamba yenye kuta za mwamba ambamo mto Yangtze hupita. Juu ya hayo, ujenzi wa Bwawa la Magenge Matatu ulikuwa umekwisha kuanza, na watu wengi wa kuhamishwa walikuwa katika upande huo wa mashariki uliokuwa maskini. Katikati ya miaka ya 1980 ulikuwepo mpango wa kuunda mkoa mpya wa Magenge Matatu, na maandalizi yalifanyika, lakini ukaachwa mwaka 1986. Suluhisho lililopatikana lilikuwa kulichukua jiji lenye viwanda na kulibebesha maeneo ya Wanxian, Fuling na Qianjiang. Bunge la Umma la China liliidhinisha jambo hilo tarehe 14 Machi 1997, na utawala mpya ukazinduliwa tarehe 18 Juni mwaka huohuo. Eneo liliongezeka zaidi ya mara tatu, na idadi ya watu ikafika takriban milioni 30, bila mtu yeyote kuhama nyumba yake siku hiyo. Ile sifa ya "jiji kubwa kuliko yote" ilizaliwa kwa kalamu.

Dhana: Bwawa la Magenge Matatu liko Chongqing, na ndilo linalolikinga jiji na mafuriko.

Bwawa liko Sandouping, karibu na Yichang katika mkoa wa Hubei. Kilichomo Chongqing ni sehemu kubwa ya ziwa lake, ambalo maji yakijaa huenea kwa takriban kilomita 600 kuupanda mto. Magenge yenyewe yamegawanyika: Qutang liko Chongqing, Wu linavuka mpaka, na Xiling liko Hubei. Aliyewahi kushika noti ya yuan 10 ameliona lango la Qutang mgongoni mwake.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, nalo linasahihishwa kwa kutazama tu upande maji yanakokwenda. Bwawa liko chini ya mto kwa mtu aliye Chongqing, kwa hiyo huwakinga watu wa Hubei na waliopo mbele yao. Maji yanayoshuka kutoka Sichuan hulifikia jiji kwanza na bwawa baadaye. Mwezi Agosti 2020 mto Yangtze na mto Jialing ilifura kwa wakati mmoja, na maji yakaingia katika mitaa ya kale ya Ciqikou na kufunika gati la Chaotianmen, huku bwawa likiwa zima na likifanya kazi yake mbali huko chini. Miaka miwili baadaye mambo yaligeuka, Jialing ikapungua hadi mawe ya chini yakaonekana, na huko Beibei, wilaya mojawapo ya katikati, joto likafika nyuzi 45.

Inafaa kuongeza kwamba ziwa hili hujaa na kupungua kinyume na mto wa asili. Kabla ya mvua za kiangazi wasimamizi huyashusha maji hadi mita 145 juu ya usawa wa bahari ili kupata nafasi ya kupokea mafuriko. Majira ya baridi, wakati mto wa zamani ulikuwa umekonda, huyapandisha hadi mita 175. Anayepita kwa meli mwezi Julai huona kando ya ziwa mkanda wa udongo mtupu wenye kimo cha mita thelathini, kama alama ya chai iliyobaki kwenye kikombe.

Dhana: jiji la mtoni ni tambarare.

Chongqing Wachina huiita jiji la mlima. Kiini chake, wilaya ya Yuzhong, ni ulimi wa mwamba wenye kilomita za mraba zipatazo 23 unaobanwa na mito miwili, na kwenye ncha yake, Chaotianmen, maji ya Jialing yenye rangi ya kijani hukutana na Yangtze ya rangi ya udongo, na rangi hizo hutembea bega kwa bega kwa kitambo kabla ya kuchanganyika. Kiswahili kina bahati hapa, kwa sababu neno "ngazi" hulitosha jiji hili kwa maana zake zote mbili, za utawala na za kupanda kwa miguu. Baiskeli ni chache, kwa sababu inayoeleweka. Mizigo kutoka gatini ilipandishwa na wachukuzi wenye fimbo ya mwanzi begani, kila ncha ikining'inia kamba, nao waliitwa kwa jina la fimbo yao, bangbang. Katika uwanja wa Kuixinglou mtu husimama akidhani yuko chini, akichungulia ukingoni hugundua kwamba yuko kwenye paa la jengo la ghorofa ishirini na kitu.

Dhana: jina la Chongqing, "furaha maradufu", linatokana na kukutana kwa mito miwili.

Mito haihusiki. Mahali hapa palikuwa makao ya ufalme wa Ba, ambao dola ya Qin iliuteka mwaka 316 kabla ya Kristo. Baadaye paliitwa Yuzhou, na ndiyo maana herufi Yu bado huandikwa kwenye namba za magari, kisha Gongzhou. Maelezo ya kawaida ni kwamba mwana wa mfalme wa nasaba ya Song aliyekuwa na cheo cha Mtemi wa Gong alitawazwa kuwa mfalme mwaka 1189, naye akaadhimisha baraka zake mbili kwa kuubadili jina mji aliopewa. Maandishi ya Chungking kwenye ramani za zamani ni jina hilohilo kwa tahajia ya kale.

Dhana: ziwa la bwawa lilizamisha historia yote ya kingo za mto.

Lilizamisha mengi, na hasara hiyo haipaswi kupunguzwa. Miji ya Fengjie, Wushan na Fengdu ilijengwa upya mahali pengine, na katika eneo zima la ziwa watu wapatao milioni 1.3 walihamishwa. Lakini si yote. Huko Fuling kuna mgongo wa mwamba uitwao Baiheliang, ambao zamani ulijitokeza tu maji yalipopungua sana. Watu walichonga samaki juu yake na kuandika walichokiona, na kumbukumbu ya kale zaidi inarejea mwaka 763, wakati wa nasaba ya Tang. Wakulima waliamini kwamba samaki wa jiwe wakitoka majini, mwaka unaofuata utakuwa na mavuno mema. Leo mwamba huo uko chini ya mita zipatazo arobaini za maji na hautajitokeza tena, ila tangu mwaka 2009 mgeni huweza kushuka kwa ngazi za umeme ndani ya bomba refu hadi kitandani mwa Yangtze, na kuwatazama samaki hao kupitia madirisha ya duara, wakiwa wametulia ndani ya maji ya kijani.