Kumwombea kiongozi usiyemkubali, ndo inakuaje?

Jumatano kwenye maombi mzee wa kanisa alikua anaongoza kipengele cha taifa, akamtaja kiongozi mmoja hivi wa huku kwetu, simtaji, tumwombee. Mama mmoja anayechukua dagaa soko la samaki la Mwaloni Kirumba hapa Mwanza na kuuza barabarani akafungua macho, "Mwalimu, mi huyo siwezi, nikimwombea mazuri nitakua nadanganya mbele za Mungu, nikimwombea yaliyo moyoni mtanitoa nje." Watu wakacheka ila mama hakua anatania. Kibanda chake kilivunjwa usiku, mbao zikapakiwa kwenye kirikuu hazijarudi mpaka leo, na yeye anaamini kabisa huyo bwana alihusika.

Mi nafundisha historia ya Kanisa, hili swali kila baada ya uchaguzi lazima nikutane nalo, kwa hiyo leo acha niliandike.

Tuanze na Kiswahili chenyewe maana kimetusaidia kuliko tunavyojua. Kuna kumwomba mtu na kuna kumwombea. Ni hako ka "e" tu, lakini Wakristo wa kwanza walikufa kwa sababu yake. Dola ya Roma ilikua inataka uchome ubani mbele ya sanamu ya Kaisari, yani umwombe, na wao wakasema hapo hapana, ila kumwombea tunamwombea kila siku. Tertullian, Mwafrika wa Karthago, Tunisia ya leo, aliliandika hilo mwaka 197 hivi akiwatetea Wakristo mbele ya watawala: tunamwombea Kaisari maisha marefu, nyumba yenye usalama, jeshi imara, dunia iliyotulia, lakini mungu hatumwiti.

Sasa rudi kwa Paulo, 1 Timotheo 2, ule mstari unaosomwa kila siku ya kitaifa. Anataka dua, sala, maombezi na shukrani zifanyike "kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka, tuishi maisha ya utulivu na amani". Sababu iko palepale, sisi tuishi kwa utulivu. Hajasema mfalme ni mzuri, na kwa mapokeo ya Kanisa aliyekua kwenye kiti wakati huo ni Nero, yule yule ambaye Roma ilipoungua mwaka 64 aliwatupia lawama Wakristo wakauawa kinyama. Kwa hiyo ukiniambia nikimwombea ni kama nimempigia kura, nakuuliza, Nero alipigiwa kura na nani?

Tatizo letu huku ni kwamba tunaharibu pande zote mbili. Kuna maombi ya chawa, unasikia mtu kashika maiki, "Bwana tunakushukuru kwa jembe hili ulilotuletea," huku jembe lenyewe limekaa siti ya mbele linatabasamu. Hiyo ni hotuba imefungwa macho. Na kuna ile Zaburi 109:8 inayozungushwa Whatsapp, "siku zake na ziwe chache, usimamizi wake na autwae mtu mwingine", watu wanaandika amina amina, ila mstari wa 9 unaomba wanawe wawe yatima na mkewe awe mjane. Sijui ni wangapi wanaendelea kusoma mpaka hapo.

Simaanishi kwamba ni dhambi kuomba mtawala atoke. Tarehe 16 Juni 1985 makanisa kadhaa Afrika Kusini yaliitisha maombi ya wazi ya kukomeshwa kwa utawala wa dhuluma, yakagombana na makanisa mengine kwa ajili hiyo, na mi naona walikua sahihi. Waliomba dhuluma iishe. Kuomba watoto wa mtu wawe yatima ni habari nyingine.

Na hatuhitaji kwenda mbali, ng'ambo ya ziwa hapo Uganda, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa Februari 1977 chini ya Idi Amin. Mwenzake askofu Festo Kivengere, aliyewahi kuwa mwalimu Dodoma, akakimbia nchi, halafu huko uhamishoni akatangaza kwamba amemsamehe Amin na anampenda, wakati huohuo anasema wazi unyama wake. Wazee wa Mwanza wanaokumbuka 1979, ndege ya Libya ilivyokuja kumsaidia Amin ikaangusha mabomu kisiwani Saanane yakaua wanyama, wakisikia habari hiyo ya msamaha wanatikisa kichwa tu. Nawaelewa.

Yeremia 29:7 ndo naipenda kuliko zote. Watu wamebebwa mateka Babeli, wanaandikiwa barua wauombee ule mji uliowateka, "kwa maana katika amani yake mji huo ninyi mtapata amani". Kisukuma tungesema mhola. Uombee mhola mji, maana mhola yako iko humo humo, huyo bwana akilikoroga mtalinywa wote.

Basi yule mama nikamwambia, mtaje kwa jina, omba apate washauri wasiomwogopa, omba afya yake, halafu mwambie Mungu habari ya mbao bila kupunguza kitu. Akaniuliza, "Na shukrani? Si Paulo kasema na shukrani." Hapo nilikwama kidogo. Akafikiria mwenyewe, akasema taa za barabarani zimewekwa, sasa hivi anauza kwenye beseni mpaka saa tatu usiku.

Jumatano iliyofuata akaomba hivyo hivyo, jina, washauri, afya, taa, mbao. Tukadhani kamaliza. Kabla ya amina akaongeza taratibu, "Na Bwana unajua kitambulisho cha kura ninacho."