Kuchemsha maji hakuondoi floraidi

Kuna ujumbe haukomi kwenye magrupu ya Arusha: chemsha maji dakika kumi, floraidi yote (madini ya kwenye maji yanayotia meno madoa yakizidi) inaisha. Si kweli. Kuchemsha huua vijidudu, na hapo ndipo watu huchanganya. Floraidi haitoki na mvuke. Maji yanapungua, yenyewe inabaki, tena imekolea. Na ule ukoko mweupe chini ya birika? Zaidi ni chokaa.

Jaribu na chumvi: itie kwenye maji, chemsha, yakipoa onja. Chumvi bado imo, na floraidi hubaki vivyo hivyo. Uhakika wa floraidi yenyewe utaupata maabara, ukipima kabla na baada ya kuchemsha.

Basi ujumbe huo ukikufikia, tafadhali usiusambaze. Kinachopunguza floraidi ni mkaa wa mifupa ya ng'ombe, au mashine inayochuja maji kwa utando, kama zile zinazotoa chumvi kwenye maji ya bahari. Mkaa nao huchoka. Usipobadilishwa, floraidi inapita tu.