Ulezi wa kitaaluma kwa mawakili wachanga wa mazingira: maana yake

Ulezi wa kitaaluma ni uhusiano wa hiari kati ya wakili mzoefu na mwenzake anayeanza, ambapo mkubwa humsaidia mdogo kukomaa katika kufikiri, kuamua na kubeba dhamana ya kazi. Usimamizi wa ofisini ni jambo jingine. Msimamizi hukukabidhi faili, hukagua ulichoandika na hatimaye huamua kama utapandishwa cheo. Mlezi hana mamlaka hayo juu yako, na ndiyo maana unaweza kumwambia waziwazi kwamba hujaelewa.

Mawakili wa fani zote wanahitaji walezi, lakini wa mazingira wanawahitaji zaidi, kwa sababu kesi zao husimama juu ya ushahidi ambao hawakuusomea. Chuoni wamefundishwa kanuni ya tahadhari, yaani kuzuia madhara hata kabla sayansi haijayathibitisha kikamilifu, na kanuni ya mchafuzi kulipa. Wamefundishwa pia Tamko la Rio la 1992, tamko la Umoja wa Mataifa kuhusu mazingira na maendeleo, ambalo kanuni yake ya 10 inataka wananchi wapate taarifa, washirikishwe katika maamuzi na waweze kufika mbele ya vyombo vya haki. Hawakufundishwa kuuliza ni nani aliyefunga chupa ya maji iliyopelekwa maabara.

Tuiangalie chupa hiyo. Mto umebadilika rangi chini ya kiwanda, wanakijiji wamechota maji, na maabara imekuta madini ya risasi kupita kiwango. Wakili mchanga anaona kesi imeiva. Mlezi aliyewahi kubanwa kizimbani na upande wa pili ataanza kuuliza. Nani alichota, saa ngapi, umbali gani kutoka bomba la majitaka? Chupa ilitoka maabara au ilikuwa ya soda? Sampuli ya kupima metali kwa kawaida hutiwa asidi kidogo ya nitriki ili metali zisinate kwenye kuta za chupa; ya kupima bakteria haitiwi asidi, huwekwa kwenye baridi na kufikishwa maabara ndani ya saa chache. Kila aliyeipokea chupa awe ametia saini. Na swali kubwa kuliko yote: iko wapi sampuli iliyochotwa upande wa juu wa mto, kabla ya kufika kiwandani? Isipokuwepo, mwenye kiwanda atasema risasi ilishuka na mto, na hakuna kifungu cha sheria kitakachoziba pengo hilo.

Ndivyo ilivyo pia kwa ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira. Anayeanza husoma muhtasari, yaani kurasa ambazo mwenye mradi amezipamba kuliko zote. Mlezi humpeleka moja kwa moja kwenye takwimu za hali ya awali: maji yalipimwa kiangazi tu, au na masika? Kisha kwenye njia mbadala: je, waliwahi kufikiria kutojenga kabisa? Mwisho kwenye kumbukumbu za mikutano ya wananchi: nani walisaini, na walielezwa kwa lugha gani? Alasiri moja ya kupekua ripoti pamoja namna hii inamjenga wakili kuliko semina nyingi ninazoziona zikiitwa ulezi.

Mlezi hufundisha pia kusoma hukumu hadi kwenye amri yake. Kesi ya Oposa, iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu ya Ufilipino mwaka 1993, inanukuliwa kila mahali kwa sababu iliwaruhusu watoto kushtaki kwa niaba yao na ya vizazi ambavyo havijazaliwa. Kilichoamuliwa hasa ni kwamba shauri lirudi mahakama ya chini likasikilizwe. Hukumu yenyewe haikufuta leseni hata moja ya kukata miti. Anayejua hivyo atamweleza mteja wake ukweli kuhusu kile ambacho ushindi utaleta, na kile ambacho hautaleta.

Halafu kuna muda. Mafuta ya meli ya Exxon Valdez yalimwagika Alaska mwaka 1989. Baraza la wazee wa mahakama likatoa adhabu ya dola bilioni 5 mwaka 1994. Mahakama ya Juu ya Marekani ikaipunguza hadi takriban dola milioni 507 mwaka 2008. Miaka 19. Wakili anayeanza asipokuwa na mtu wa kumwonyesha namna ya kugawa nguvu zake, na namna ya kuwaambia wananchi mapema kwamba safari ni ndefu, huchoka na kuacha. Upande mwingine, muda wa kukata rufaa huwa mfupi kikatili: sheria ya India ya mwaka 2010 iliyounda Mahakama ya Kijani, yaani mahakama maalumu ya mazingira, inatoa siku 30 za kupinga kibali, na nyongeza isiyozidi siku 60 kwa sababu ya msingi. Mlezi mzuri huuliza tarehe ya kibali kabla ya kuuliza jambo lolote.

Mlezi si lazima awe mmoja, wala si lazima awe wakili. Mtaalamu wa maji au wa misitu anaweza kukulea katika upande wake. Mtandao wa ELAW, ulioanzishwa mwaka 1989 na mawakili wa nchi mbalimbali, una wanasayansi wanaowasaidia mawakili kuchambua ripoti za miradi.

Mipaka iwekwe tangu siku ya kwanza. Siri ya mteja haihamii kwa mlezi kwa sababu tu mnaaminiana. Mlezi aliye nje ya ofisi yako apewe swali bila majina wala mahali, na kama maelezo yenyewe yanatosha kumtambulisha mteja, basi hadi mteja akubali. Mlezi naye aseme mapema ni kampuni zipi anazozitetea, kwa sababu mawakili wa mazingira ni wachache, na mara nyingi aliye mzoefu kuliko wote katika uchimbaji madini ni yule anayewashauri wachimbaji. Hilo halimzuii kukulea. Linamzuia kukulea katika kesi hiyo.