Kupima unyanyapaa kwa wanawake wenye saratani ya matiti: dhana potofu na ukweli wake

Dhana: muulize tu kama ananyanyapaliwa, atasema.

Neno lenyewe ndilo kikwazo cha kwanza. Wengi wamelizoea kwenye matangazo ya UKIMWI, kwa hiyo mama mwenye saratani ya titi anaweza kujibu "hapana, mimi sina tatizo hilo" na huku nyumbani ametengewa sahani na kikombe chake. Hojaji nzuri hailitaji neno hilo kabisa. Inauliza jambo moja moja: kuna mtu aliyekataa kula chakula ulichopika? Kuna aliyesema umerogwa, au kwamba umejitakia? Uliacha kwenda harusini kwa kuogopa kutazamwa kifua? Na kila swali liwekewe muda, tuseme miezi 3 iliyopita, la sivyo mmoja atakumbuka ya juzi na mwingine ya mwaka ule alipokatwa titi.

Dhana: alama ndogo maana yake hanyanyapaliwi.

Hapa pana hatari kubwa kuliko zote. Mwanamke ambaye hajamwambia mtu hawezi kutengwa kwa ugonjwa usiojulikana. Anafunga kilemba kuficha nywele zilizonyonyoka, anajaza kitambaa kwenye sidiria, anaaga kwamba anakwenda sokoni kumbe anakwenda kuwekewa dripu. Kwenye maswali ya kutengwa atapata alama za chini kabisa, ilhali hofu ya kujulikana haimpi usingizi. Kwa hiyo swali la kwanza liwe: nani anajua? Mume, watoto, mama mkwe, jirani, wa kazini, kila mmoja na kisanduku chake.

Kisha yapimwe mambo matatu, kila moja kwa alama zake: aliyotendewa, anayohofia kutendewa, na namna anavyojiona yeye mwenyewe. Jumla moja huficha mengi. Chukua hojaji ya maswali 10 yenye majibu ya 1 (kamwe) hadi 5 (kila mara), nusu yakiwa ya matendo ya watu na nusu ya aibu ya ndani. Mmoja anajibu 4 kwenye yote ya matendo na 1 kwenye yote ya aibu. Mwenzake anajibu kinyume chake. Wote wawili wana 25. Wa kwanza anahitaji mtu wa kwenda kuzungumza na familia yake. Wa pili anahitaji kukaa na wanawake waliokwisha kupitia hayo.

Dhana: hojaji ya nje ikishatafsiriwa, kazi kwisha.

Kipo kipimo kifupi cha maswali 8 cha unyanyapaa wa magonjwa sugu, jumla yake 8 hadi 40. Kilianzia kwa wagonjwa wa mfumo wa fahamu, ndiyo maana hakina hata swali moja la titi wala la ndoa. Tafsiri pekee haitaliziba pengo hilo. Maswali yaongezwe kutokana na maneno ya wagonjwa wenyewe.

Nayo tafsiri ina mitego yake. "Naona haya kuvua nguo mbele ya daktari" huweza kuwa malezi mema, wala si unyanyapaa. Kuona haya ni sifa. Aibu na fedheha ni maumivu. Anayeirudisha tafsiri kwenye lugha ya asili anaweza asione kosa lolote. Litaonekana pale tu mama anapoombwa aeleze swali hilo kwa maneno yake.

Mtego mwingine ni swali la kukanusha. Mhojaji anauliza: "Mama, hujawahi kutengwa na ndugu?" Anajibiwa: "Ndiyo." Yaani, ndiyo, sijawahi. Mhojaji anaandika kwamba ametengwa. Maswali yote yawe ya kukubali. Kwenye majibu, "mara kwa mara" na "mara nyingi" kwa wengi ni kitu kimoja. Picha ya vikombe vitano, kuanzia kitupu hadi kilichojaa, hueleweka upesi.

Dhana: alfa ya Cronbach ikifika 0.70, kipimo ni sahihi.

Alfa ni namba inayokokotolewa kutokana na majibu ya hojaji, nayo huonyesha tu kwamba maswali yanakwenda pamoja, yaani anayejibu juu kwenye moja huelekea kujibu juu kwenye mengine. Maswali yanaweza kwenda pamoja na bado yakapima huzuni badala ya unyanyapaa. Ikizidi 0.95, shuku kwamba swali moja limerudiwa kwa maneno tofauti.

Dhana: asiye na mume aandikiwe "kamwe" kwenye maswali ya mume.

Hapana. Aandikiwe "halinihusu", na alama yake iwe wastani wa maswali yaliyomhusu. Mjane akipewa 1, ataonekana ana ndoa yenye amani.

Dhana: wagonjwa wa kliniki wanatosha.

Walioumizwa zaidi huenda ndio walioacha kuja. Wasipotafutwa, kipimo kitawahesabu waliostahimili tu. Ila kuwatafuta kwa simu kunahitaji uangalifu: simu ikipokewa na mwingine, usiseme unapiga kutoka kliniki ya saratani. Taja jina lako, uliza lini mwenyewe atapatikana, ukate. Na mama akipatikana, muulize kwanza kama yuko peke yake.